Mkamwana wa Sizoni ya Kwanza

Ile tamthilia ya Kichina ya polisi na wauaji wa bandarini iliingia nyumbani kwetu Nyansurura kwa flashi ya Waisiko, jirani yetu mwenye duka, na ikatukalisha chini wiki tatu. Nasema ilitukalisha kwa sababu mimi si mtu wa kukaa. Nina ng'ombe wa kukamua, nina shamba la mihogo, nina watoto wawili wenye matumbo yasiyojaa. Lakini kila Jumapili baada ya ibada, na siku nyingine jua likiwa kali na sola imejaa vizuri, Mama Bhoke aliniita, "Mokami, acha hayo. Njoo unisomee Wachina."

Kusoma kulikuwa kazi yangu. Filamu nyingi hutufikia zikiwa zimeshatiwa Kiswahili na wale vijana wa mjini wanaotafsiri kwa mbwembwe, lakini hii ilikuja mbichi, Kichina mdomoni na Kiingereza chini ya picha. Mimi nilimaliza kidato cha nne, kisha nikafanya kazi ya kuuza dukani Sirari kwa Mkenya mmoja ambaye hakutaka kusikia Kiswahili kwake, kwa hiyo Kiingereza kinanitosha. Nilisoma, nikatafsiri, na penye matusi nikaruka. Penye mambo ya chumbani nilisema, "Hapa wanasalimiana." Mama alikuwa akiguna tu.

Majina yao yalitushinda, tukawapa ya kwetu. Inspekta mrefu asiyecheka tulimwita Waitara. Bibi mwenye maghala ya bandarini, mkali, mwenye nywele nyeupe, akawa Mama Ghala. Na yule mwanamke kijana aliyeishi naye, aliyefunga hesabu zake na kumpikia uji, tulimwita Winfrida, kwa sababu alitembea kwa haraka kama Winfrida wa kwaya.

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo hamtaelewa kwa nini watu wazima tuligombana na televisheni. Mama Bhoke hakunizaa. Ndiye aliyenioa. Yeye alizaa mabinti wanne, wote wakaolewa mbali, na mume wake akafariki bila mtoto wa kiume. Kwetu nyumba kama hiyo haifungwi. Mama mwenye nyumba hutoa ng'ombe akaoa mke, na watoto wa mke huyo, awe nani aliyewazalisha, huwa wa nyumba ile na hubeba jina la marehemu. Tunaiita nyumba ntobhu. Mbele za watu mimi ni mkamwana wake, mke wa mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa. Ng'ombe wake walifika kwa baba yangu Nyamisangura miaka tisa iliyopita. Joel wangu ana miaka minane, Robi ana mitano, na wote wanatumia jina la mzee ambaye hata mimi sikuwahi kumwona.

Sasa katika sizoni ya kwanza, mtu mmoja aliuawa nyuma ya ghala, na Inspekta Waitara akaja kuhoji. Alimnyooshea kidole Winfrida, akamuuliza yule bibi, huyu ni nani wako? Mama Ghala akajibu bila kupepesa. Nikasoma chini, nikasema kwa sauti, "Anasema, huyu ni mkamwana wangu, na ukitaka kumgusa utaanza na mimi."

Mama Bhoke aliweka kikombe chini. "Na mtoto wake wa kiume yuko wapi?"

"Hajaonekana, Mama."

"Hata picha ukutani?"

"Hata picha."

Tukatazamana. Nani hapa kwetu angehitaji kuambiwa zaidi? Bibi tajiri, mkamwana ndani, mtoto wa kiume hakuna wala hatajwi, na kuna katoto kanakomwita yule bibi nyanya. Waisiko akapiga makofi. "Kumbe na Wachina wanayo nyumba ntobhu!"

Mama alifurahi mpaka akawa msumbufu. Aliwaeleza kanisani, alieleza kisimani, alimweleza hadi yule bwana wa shirika aliyewahi kuja kutuambia kwamba mila yetu imepitwa na wakati. "Nenda ukawaambie Wachina wenye meli," alimwambia. Nami, nisiseme uongo, nilifurahi kuliko yeye. Ilikuwa mara ya kwanza kuona nyumba kama yetu kwenye kioo, na haikuwa ya kuchekwa. Wale wanawake wawili ndio walioficha shahidi, ndio waliompa Waitara ukweli, na kipande cha mwisho walikaa barazani wakimenya vitunguu bila kusema neno. Nilitoka nje kidogo, nikasingizia ndama.

Tukaingoja sizoni ya pili mwaka mzima.

Katika mwaka huo ndipo Magige alipoanza kutuzuru. Ni mtoto wa mdogo wa yule mzee marehemu, dereva wa hoteli moja ya watalii huko Ikoma, mtu wa kunukia vizuri. Miaka minane hatukumwona hata Krismasi. Ilipotangazwa kwamba wapimaji wa ardhi watapita kijijini na kila shamba litaandikiwa hati kwa jina la mwenyewe, ghafla akakumbuka njia. Alileta sukari, alileta ngano, alimwita Mama "mama mkubwa" kwa sauti ya asali, na mimi akaniita "shemeji" huku akitazama ng'ombe. Mama naye alilegea. Alimpa kiti cha mzee.

Mimi nilijua kinachotafutwa. Jina litakaloandikwa ndilo litakalokaa, na likiandikwa la Magige, siku Mama akifumba macho mimi na wanangu tutakuwa wapangaji wa huruma yake. Nilimuuliza Mama atataja jina gani. Mara ya kwanza alisema, "Tutaona." Mara ya pili alijifanya hasikii, na Mama anasikia hata kuku akitaga nyuma ya nyumba.

Flashi ya sizoni ya pili ililetwa na Waisiko wiki mbili kabla ya wapimaji. Tulikaa mkao wa kula, na tukashiba hasira.

Kwanza Waitara alikuwa si yule. Walimpa gari jekundu na mchumba wa kumrembulia macho, akili ikamtoka. Muuaji alijulikana kipande cha kwanza, kwa hiyo tulikuwa tunangoja polisi wagundue kitu ambacho hata Robi amekigundua. Kisha wakapanda ndege kwenda nchi ya mbali, wakapigana risasi juu ya mapaa vipande viwili vizima bila mtu kuongea cha maana, nami mtafsiri nikakaa kimya kama niliyefukuzwa kazi.

"Walioandika ile ya kwanza wamekufa?" Mama aliuliza.

"Labda wamelipwa wakaondoka," Waisiko akasema.

Tuliendelea kwa ajili ya Mama Ghala na Winfrida. Na kipande cha tano, pale uwanja wa ndege, akashuka mwanamume wa miwani na sanduku, akamkumbatia yule bibi. Nikasoma, "Mama, nimerudi."

"Anamwita mama kwa heshima tu," Mama Bhoke alisema haraka. "Kila mtu huita mama."

Nilitaka sana iwe hivyo. Lakini maandishi yalikuja tena na tena, na hayakuacha mlango. Alikuwa mtoto wake wa kumzaa. Alikuwa ng'ambo miaka yote hiyo, na Winfrida alikuwa mke wake wa harusi kabisa, wa kuachwa na mimba. Hapakuwa na nyumba ntobhu yoyote. Tuliijenga sisi wenyewe vichwani mwetu.

Waisiko alishika kichwa. "Sasa kwa nini hawakusema tangu mwanzo? Si wametudanganya!"

Mama alikwenda kupepeta mtama uliokwisha kupepetwa jana.

Jumapili iliyofuata, siku moja kabla ya wapimaji, Magige alikuja na soda, akaketi kwenye kile kiti, akasema naye anataka kuwaona hao Wachina. Nikaweka kipande cha sita. Mama Ghala alikuwa ofisini kwake. Alifungua kabati, akatoa karatasi za maghala, akampa mwanawe kwa mikono miwili. Winfrida alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Bibi akamgeukia, midomo ikaanza kwenda, na yale maandishi yakatokea chini.

Ningeweza kuruka. Nimeruka mengi kwenye maisha yangu ya utafsiri. Ningesema, anamwambia chai imepoa. Lakini hasira ilinipanda, na sikuwa na mahali pengine pa kuiweka. Nikasoma neno kwa neno, kwa sauti ya kanisani.

"Anasema, mwanangu amerudi. Ulinitunza vizuri, nakushukuru. Sasa chukua mtoto wako urudi kwenu."

Waisiko alisonya. Magige akacheka, akafungua soda ya pili. "Sasa hapo ndipo wamesema kweli. Mtoto wa nyumba ni mtoto wa nyumba. Au siyo, mama mkubwa?"

"Zima," Mama alisema.

"Mama mkubwa, si tumalizie..."

"Mokami, zima hiyo kitu."

Nikazima. Magige alikaa kidogo akizungumzia mvua, akaona hapati mtu wa kuzungumza naye, akaaga. "Kesho basi, nitakuja mapema," alimwambia Mama, na Mama akaitikia kwa kichwa. Kile kichwa kilinikata maini.

Jioni nilikuwa zizini nakamua. Mama alikuja na fimbo yake, akasimama upande wa pili wa ng'ombe, nikawa naona miguu yake tu.

"Umetafsiri vibaya," alisema.

"Nimesoma kilichoandikwa."

"Yule mama hawezi kusema vile. Wamekaa pamoja. Wameficha shahidi pamoja. Mtu hawezi kubadilika namna ile kwa sababu kijana amekuja na sanduku."

"Ndivyo walivyoandika, Mama. Mimi sikuandika."

Miguu ile ikasogea hatua moja. Kisha akasema, polepole, "Nilimpa Magige neno. Mwezi uliopita. Nilimwambia nitataja jina lake."

Nilijua, na bado ilikuwa kama sikujua. Niliacha kukamua. Ng'ombe aligeuka kunitazama.

"Miaka tisa, Mama," nikasema. Nilitaka kupiga kelele, ikatoka sauti ndogo. "Nimekuogesha ulipovunjika nyonga. Joel anaitwa kwa jina la mume wako, darasani wanamwita hivyo kila asubuhi. Magige alikuwa wapi?"

"Magige alisema Joel akikua baba yake atakuja kumdai."

"Baba yake yupi? Joel ana baba mmoja, amelala pale nyuma ya nyumba, nami ndiye ninayepalilia kaburi lake."

"Najua."

"Sasa kama unajua?"

"Niliogopa," alisema Mama Bhoke, ambaye sijawahi kumsikia akiogopa hata nyoka. "Unafika umri huu, mtu wa ukoo anakuja na kukuita mama mkubwa, unaona kama mzee mwenyewe amerudi kukuangalia. Moyo unakuwa mjinga." Akagonga fimbo chini. "Mwaka mzima nimewaambia watu kwamba yule bibi ni mimi. Kisimani, kanisani. Sasa wataiona hii ya pili, waseme nini?"

Sikuwa na huruma naye wakati ule, na sitajifanya nilikuwa nayo. Nilimaliza kukamua, nikapeleka maziwa ndani, nikawalisha wanangu, na nguo zetu nikazitazama pale kambani kwa jicho la mtu anayepima mzigo.

Asubuhi wapimaji walikuja watatu pamoja na mtendaji wa kijiji. Walizunguka mipaka na kile kimashine chao, majirani wakashuhudia, Magige mbele kabisa akionyesha mawe ya mpaka ambayo mimi ndiye niliyeyapanga. Nilikuwa nimesimama mlangoni na Robi. Sikutaka kusogea, ili nisije nikaombwa kuleta viti vya kuandikia jina la mtu.

Msichana mwenye fomu aliketi kwenye benchi, akamsalimu Mama shikamoo, akauliza, "Bibi, mmiliki tuandike nani?"

Magige alikohoa akasogea. Alikuwa tayari ameshatoa kitambulisho mfukoni.

"Andika Mokami," Mama alisema.

Magige akacheka kidogo, akasema mama mkubwa amechanganyikiwa, jana alikuwa na maumivu ya kichwa. Mama hakumtazama. Alinyoosha fimbo kuelekea nilipo mimi.

"Yule pale. Mokami. Mwandike, na chini yake mwandike Joel na Robi, watoto wa nyumba hii. Kama karatasi ina nafasi ya neno, andika kwamba nilimwoa kwa ng'ombe wangu."

Msichana aliandika kidogo, akasita. Alikuwa mgeni wa mambo yetu, lakini alikuwa na adabu.

"Na wewe mwenyewe, bibi? Nikuandike wapi?"

"Usiniandike," Mama Bhoke akasema. "Mimi ninakaa kwake."