Mstari wa Kupewa Pole

"Dervla, huo mkate umeshaupaka siagi," Philomena aliniambia. "Sasa unapaka siagi juu ya siagi. Kaa chini, mwanangu, kabla hujampaka na paka."

Sikukaa. Tangu nifike kijijini kwetu Drumkeelan, Ireland, asubuhi hiyo, nimeendesha gari kutoka Dublin mvua ikipiga kioo njia nzima, nilikuwa sijakaa hata kwa kumeza chai. Nilikuwa nahama kutoka jikoni kwenda uani, kutoka uani kurudi jikoni, nikishika hiki na kukiacha. Jikoni wanawake walijaa, kila mmoja na kazi ambayo hakuna aliyempa: huyu anachemsha mayai, yule anaosha vikombe vya kuazima. Philomena Kerrigan, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, ndiye mkuu wa sandwichi katika kila msiba wa kwetu. Hakuna aliyemchagua, na hakuna atakayethubutu kumwondoa.

"Niache tu," nikamwambia. "Mikono ikitulia nitapiga mtu."

"Basi mpige kaka yako Dessie. Kila mtu atakushukuru."

Wanawake wakacheka chini chini, maana ndani kuna maiti. Sebuleni, katika jeneza lililo wazi, mapazia yamefungwa na kioo kimefunikwa shuka, alikuwa amelala Goretti. Saratani ilimmaliza juzi, kabla Krismasi haijafika. Kila mtu kijijini kwetu anamwita dada yangu. Alikuwa mama yangu mzazi.

Naisema hivyo waziwazi kwa sababu nimechoka. Goretti alinizaa akiwa msichana wa shule, hana mume, wakati ambao jambo hilo lilitosha kumfukuzisha mtu nyumbani, na wengine walifungiwa kwa masista huko mbali wasionekane tena. Mama yake, Nóra, hakumfukuza. Alimficha kwa shangazi upande wa Sligo, akarudi na mimi mikononi, akatangaza kwamba yeye mwenyewe amejifungua uzeeni. Kijiji kizima kikaja kumpa hongera. Hongera! Watu walewale waliomwona Goretti kanisani koti limembana tumboni walileta sweta walizofuma kwa mikono yao, wakampa Nóra, wakanywa chai, wakasema mtoto amefanana na marehemu babu. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Kwetu, lisilosemwa ndilo lipo zaidi.

Kwa hiyo nikakua nikimwita Nóra Mama, na bado namwita hivyo, maana ndiye aliyenilea na kunichapa na kunikalia usiku nikiwa na surua. Goretti alikuwa dada mkubwa aliyeolewa na Malachy wa shamba la pili, akazaa wavulana wawili, Fiachra na Tiernan. Wananiita mama mdogo.

Nilijua ukweli nikiwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tunacheza mpira wa magongo, nikamwangusha msichana wa timu ya jirani, akainuka na matope mdomoni akaniambia, "Angalau mimi mama yangu haoni haya kuniita mwanawe." Kocha alinikuta nimemkalia kifuani. Wenzangu wote waliangalia viatu vyao, na hapo ndipo nilipofahamu kuwa ni mimi tu niliyekuwa sijui.

Sikumwambia mtu. Nilisema moyoni, siri si yangu, ni ya Goretti. Siku akiwa tayari ataniambia. Nikangoja. Kila nikija likizo tulikaa jikoni kwake wawili tu, naye angeanza, "Dervla, unajua..." Mimi naacha hata kutafuna. Halafu anasema, "...unajua chai hii imekuwa nyepesi, ngoja niongeze." Miaka yote hiyo nilikunywa chai nzito. Hospitali mwezi uliopita alinishika kidole akaniangalia, nikasema sasa, sasa ndiyo. Akauliza kama barabara ilikuwa na barafu.

Na kesho asubuhi anaingia ardhini.

Saa tisa alasiri watu wakaanza kupanga foleni kutoka mlangoni hadi barabarani, na sisi wafiwa tukaitwa sebuleni kupangwa mstari. Huu mstari ndio msiba wenyewe kwetu. Familia husimama kando ya jeneza, kijiji kinapita mmoja mmoja, kinashika mkono wa kila mtu na kusema "Pole kwa msiba wako," kisha kinakwenda jikoni kwa Philomena. Kila mtu husimama kwa ukaribu wake: mwenzi na watoto karibu na kichwa cha marehemu, kisha ndugu, halafu mashemeji kule mlangoni kwenye baridi. Hakuna anayeuliza wewe ni nani kwa marehemu. Anatazama uliposimama.

Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake kichwani pa jeneza, rozari imezungushwa kiganjani. Ana miaka themanini na kitu na bado anapanga watu kwa kidole.

"Malachy, hapa. Fiachra, Tiernan, mfuateni baba yenu. Dessie, wewe baada yao." Dessie ni mwanawe wa kiume, kaka yake Goretti. Kidole kikanifikia, kikasita kidogo, kikaonyesha mlango. "Dervla, wewe na kaka yako Dessie."

"Mama," nikasema.

"Watu wanalowa mvua huko nje, Dervla."

Nikaenda kusimama na Dessie. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nilimwangalia Goretti kutoka pale na sikuona uso, niliona ncha za viatu tu.

Watu wakaanza kupita. "Pole kwa msiba wako, Dervla." "Pole sana kwa msiba." Maneno hayo yametengenezwa na watu werevu, hayasemi nani amekufa wala ni nani wako. Lakini niliona. Kila aliyenifikia aliushika mkono wangu kwa muda mrefu kuliko wa Dessie, akanikazia macho, akageuza jicho haraka kumtazama Mama, kisha akaniachia na kuondoka. Kila mmoja! Mwalimu wangu wa zamani, muuza nyama, mke wa mwenye baa. Walikuwa wananipa pole ya mama kimoyomoyo na ya dada kwa mdomo. Kando yangu Dessie alikuwa anamweleza kila mpita njia habari za goti lake.

"Daktari anasema ni la kubadilisha," alimwambia mtu. "Nikamwambia, nibadilishie na mke."

Nikatoka mstarini. Sikuaga. Nilipita jikoni mbele ya Philomena, nikatokea uani na kuingia bandani, mnamowekwa vipande vya mboji iliyokaushwa tunayochoma badala ya kuni. Nikawasha sigara, kitu nilichokiacha tangu nikiwa na mimba ya binti yangu. Nilikuwa nimeshaamua: nachukua funguo, narudi Dublin, wazikane wao kwa wao.

Mlango wa banda ukalia. Alikuwa Fiachra, kijana mrefu wa miaka ishirini na minne, amevaa suti ya baba yake iliyomwacha vifundo nje.

"Mama mdogo, umemwacha Dessie peke yake. Sasa anawaonyesha watu goti."

"Mwache aonyeshe."

"Ameshakunja suruali. Padri amekaribia kufika." Akaichukua sigara yangu, akavuta, akakohoa, akanirudishia. "Unaondoka?"

"Nani kakwambia?"

"Umeshika funguo za gari."

Nikazitazama. Kweli nilikuwa nimezishika. Nikaanza kulia, na mimi nikilia hukasirika, kwa hiyo nikamfokea kijana wa watu.

"Siwezi kusimama kule mlangoni, Fiachra! Siwezi. Kuna jambo hulijui, na si kazi yangu kukwambia, lakini siwezi kusimama kule kama mtu aliyekuja kuomba chumvi."

Alipiga kipande cha mboji kwa kiatu.

"Kwamba wewe ni dada yetu?" akasema.

Sigara ikaniangukia mguuni.

"Mama alituambia tulipokuwa wadogo," akaendelea, haraka haraka. "Mimi na Tiernan. Baba alijua kabla hajamwoa. Lakini alituapisha tusikwambie, kwa sababu wewe ulikuwa hujui. Alisema, Dervla akiniuliza nitamwambia siku hiyohiyo. Ila sitamvunjia maisha yake bila kuulizwa. Alisema bibi alikulea vizuri na hana haki ya kukunyang'anya mama."

"Nilijua," nikasema. "Nilijua tangu shule."

"Kwa nini hukumuuliza?"

"Nilikuwa nangoja aniambie!"

Tukatazamana. Mvua ilipiga bati. Halafu mimi nikaanza kucheka, kicheko kibaya chenye kamasi, na yeye akacheka, kisha akanishika mabega kwa sababu kicheko kilikuwa kimeshageuka. Nilimlilia kifuani katika suti ya baba yake. Mwanamke mmoja alikaa akingoja swali na mwingine akingoja jibu, jikoni, meza moja, wakipitishiana maziwa. Ni watu wa kwetu tu wanaoweza kupendana hivyo, kwa adabu, mpaka mmoja afe. Nilimchukia kwa hilo na nilimtaka arudi, hata kwa dakika za kunywa kikombe kimoja, nimuulize.

"Twende," Fiachra akasema.

"Bibi yako atakufa."

"Bibi ameanza kufa kabla sijazaliwa. Twende."

Nilipanguza uso kwa mkono wa sweta. Tulipopita jikoni Philomena alinitazama, akamtazama Fiachra, akanivua aproni niliyokuwa nimeisahau kiunoni tangu asubuhi. Akanitengeneza kola. Hakusema kitu, na kwa Philomena hiyo ni hotuba.

Sebuleni foleni ilikuwa bado ndefu. Sikwenda mlangoni kwa Dessie. Nilipita mbele ya watu wote, miguu mizito, nikafika kichwani pa jeneza. Malachy aliniona nikija. Mzee huyo mpole hakuuliza, alipiga hatua moja pembeni, akaacha nafasi kati yake na mwanawe. Nikaingia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo niliuona uso wa Goretti. Walikuwa wamempaka rangi ya mdomo ambayo asingeikubali.

Wote waligeuka kunitazama. Hata Dessie.

"Dervla," Mama akasema bila kugeuza kichwa. "Mahali pako ni kule."

"Nimesimama kule miaka arobaini, Mama."

"Si leo. Usinifanyie hivi leo."

"Kama si leo ni lini? Kesho atakuwa chini."

Alikaza rozari mpaka ngozi ya vidole ikawa nyeupe. Nilimwonea huruma, na huruma ile haikunisogeza hata inchi. Alikuwa na sababu zake. Alidanganya kanisa na kijiji ili binti yake asifungiwe na mimi nisipelekwe kwa wageni ng'ambo, kisha uongo ukazoea nyumba, ukawa na kiti chake. Nilijua yote hayo. Nilisimama palepale.

Hapo akaingia padri. Parokia yetu haina tena padri wa kwetu. Tumeletewa Padri Shaji kutoka Kerala, India, kijana mwenye koti kubwa la mvua, ambaye watu wanampenda kwa sababu misa yake ni fupi. Alikuwa hajamaliza hata msimu mmoja kwetu. Kila anakokwenda anaulizwa ametoka wapi, naye hujibu kwa uvumilivu. Hakujua habari za mtu yeyote. Huenda katika chumba kizima ni yeye peke yake asiyejua.

Kwa desturi padri mgeni hutambulishwa wafiwa na mkubwa wa nyumba. Akainama, akamshika Mama mikono yote miwili.

"Pole sana, bibi. Nitambulishie familia, niwaombee kwa majina."

"Huyu ni Malachy, mumewe," Mama akasema.

"Pole, Malachy."

Padri akasogea hatua moja, akasimama mbele yangu. Akatabasamu kidogo, akanisubiri mimi, kisha akamgeukia Mama.

"Na huyu?"

Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakinyamaza pamoja. Mke wa mwenye baa alikuwa amebeba sandwichi nusu ya njia kwenda mdomoni. Philomena alikuwa amekuja kusimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Wote walijua jibu na wote walikuwa wamelimeza tangu enzi zile za sweta. Mimi nilikuwa natazama vidole vya Mama. Punje moja ya rozari ikapita, ikapita ya pili.

"Huyo ni Dervla," Mama akasema, sauti yake imekauka. "Mtoto wa kwanza wa Goretti."

Padri Shaji, ambaye hakujua alichokuwa amekifungua, akanishika mkono kama anavyowashika watu wote.

"Pole kwa mama yako, Dervla," akasema.

"Asante, Padri," nikasema, nikairudia. "Asante."

Akapita kwa Fiachra. Nyuma yake foleni ikaanza kusogea tena, muuza magazeti akiwa wa kwanza, kofia kifuani, macho yamemjaa machozi. Nikaegemea ukingo wa jeneza. Ndipo mkono wa Mama ukaja kutoka kwenye kiti, mkavu, wa baridi, ukanivuta sweta kwa nyuma kama alivyokuwa akinivuta kanisani nilipokuwa mtoto.

"Simama wima," akaninong'oneza kwa ukali. "Watu wanakuja kumuaga mama yako."