Tunguu la Mama

Kule maabara walimwita Wembe, maana alikata tunguu, lile shina nono la chini ya ardhi kama la tangawizi, hadi kipande kikapitisha mwanga. Mimea ya dawa ya ukoo mmoja hufanana kwa nje hadi inakera. Ukweli uko ndani: huu una vifuko vya mafuta tele, ule hauna hata kimoja.

Juzi walihitaji mmea wa aina moja kutoka bustani mbili, waulinganishe. Wembe akaona kazi rahisi. Akachimba kwake, akachimba na kwa dada yake, dada mwenyewe akiwa sokoni. Si yote yalikuwa ya mama? Mama, mganga wa matumbo, alipozeeka alimkabidhi dada bustani, akamwagiza ammegee na mdogo wake mbegu ya tunguu lake la dawa.

Kwenye darubini, tunguu la dada lilijaa vifuko vya mafuta. La Wembe lilikuwa wanga mtupu. Akakata upya. Asingizie udongo? Udongo hunenepesha tu, haugeuzi mmea kuwa binamu yake.

Jioni alimkuta dada akianua nguo.

"Dada, ile mbegu uliyonipa ni ya nini?"

"Ya mama. Ya nani tena?"

"Nimeikata."

Shati likamponyoka dada. "Wewe una mshahara. Mimi nina dawa hii tu. Ningekupa, wagonjwa si wangekufuata wewe?"

"Na mama alipougulia kwangu? Nilimchemshia hiyohiyo, analia na tumbo! Halafu msibani ukawaambia watu mkono wangu hauna baraka."

"Ningesemaje, mdogo wangu? Maji yalishamwagika."

"Usingesema. Ungeleta kipande tu mama akiwa hai."

Dada aliinama kuokota shati, akakaa nalo hapo chini.

Wembe aliondoka bila kuaga. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hawakusema kinauma hivi. Na kilichomkata maini zaidi ni kikombe cha kwanza alichompa mama. Mama alionja, akauliza, "Mbegu ya dawa hii alikupa nani?"

"Dada."

Mama aliijua ladha ya dawa yake. Alijua palepale mwanawe mkubwa amefanya nini, na akachagua kumfichia.

"Haya," alisema, akanywa hadi tone la mwisho. Kesho yake akanywa tena.