Mzigo wa Taa za Bibi Fahari

Mchana ule nilikuwa nimechoka mwili na roho. Mimi ni mkunga wa zahanati, na asubuhi hiyo Mwanaidi, mjamzito wangu wa kitongoji cha pili, alishikwa na uchungu. Mama mkwe wake, Bi Saumu, alinipigia mara sita, simu yangu imeisha chaji. Jirani yao akaja kuniita kwa miguu; nilipofika, mtoto alikuwa keshazaliwa, kimya, nikahangaika naye mpaka akalia, ndipo nikawaleta wote zahanati. "Mtandao ulisumbua," nikawaambia. Wiki nzima mwenzangu, nesi Rukia, alikuwa akinisihi, "Dada, punguza ubora wa skrini, chaji itakaa." Nami nikimcheka, simu yenye picha kali vile niififishe? Nikachomeka simu kwenye chaji, nikajilaza kwenye benchi, usingizi ukanichukua.

Nikaota nimesimama katika nchi inayomeremeta, kila jani na taa zake elfu, na katikati ameketi Bibi Fahari, gauni lake likiwaka hata macho yakauma. Kando yangu akatokea mwanamke wa makamo, mavazi yake ya kawaida, akaniambia jina lake ni Kiasi. "Usitazame taa tu," alisema taratibu. "Mtazame na anayezibeba." Nikainama. Chini ya sakafu ya kioo nikamwona mzee aitwaye Nguvu, mgongo umepinda, akihema kwa uzito wa taa zile. Mbele yake palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango mtu alibisha akiniita kwa jina. Mzee akajikokota aende kufungua, akaanguka.

"Mpunguzie mzigo," alisema Kiasi.

Fahari akanidaka mkono. "Ukipunguza, watu watakuonaje?"

Nikauchomoa. Ukutani palikuwa na gurudumu la chuma. Nikalizungusha kwa nguvu zangu zote, nusu ya taa zikazimika, gauni likapoa, na bado njia niliiona vizuri. Mzee akainuka, akafungua mlango.

Nikazinduka. Nilijua nani alikuwa akibisha. Nikafungua mipangilio ya simu, nikagusa sehemu ya skrini, nikachagua ubora wa chini. Skrini ikawa nyeusi kwa muda mfupi, ikarudi, maandishi yakisomeka vilevile. Kisha nikaenda wodini. Bi Saumu alikuwa amempakata mjukuu wake.

"Mama, haukuwa mtandao," nilisema. "Ni mimi. Niliiacha simu imalize chaji kwa kupenda ing'are."

Akaninyooshea mtoto.

"Mshike," alisema. "Hebu msikilize tena anavyopumua."