Alama ya Katikati

…na sasa anatabasamu, huyu msanifu wa majengo, na anayetabasamu kabla ya kuuliza ana lake jambo, "nguzo zote nyeupe, mama, wanafunzi wanataka mwanga," anasema, ananyoosha mkono kana kwamba ghala hili ni la babu yake, ghala la pamba ambalo baba yangu alipima marobota mpaka mgongo ukakataa, leo maktaba ya chuo, rafu palipokuwa na marobota, zulia palipokuwa na vumbi, haya, si neno, lakini kwa nini niitwe mimi, nani humwita mtoto wa mpima pamba kumuuliza habari za rangi, isipokuwa kuna aliyemnong'oneza kwamba yupo dada mmoja msumbufu, atulizwe mapema, na huyo namjua, yule pale, mdogo wangu, aliyepewa kazi ya kutengeneza rafu, ameegemea nguzo ya mzani tangu nilipoingia, hakuja hata kunipokea, kaniambia kwa mbali tu, "Shikamoo dada, polisi wa familia umefika, tufiche nini?" mafundi wakacheka, nami nikacheka kidogo kwa adabu, lakini utani wake naujua, akiwa na la kuficha ndipo hutania, alipokuwa mdogo akivunja bakuli alianza kuimba… na nguzo yenyewe ndiyo hiyo, mfanyakazi akipata mtoto alimleta, akalazwa kwenye mzani wa marobota, wenzake wakibishana uzito, kisha baba akachovya kidole kwenye lami na kupiga alama nguzoni, zetu ni tatu, ya juu mimi, ya chini yeye, na ya katikati… mama hakuwahi kuitaja ya katikati, mtoto aliondoka kabla ya kupewa jina, hana picha, kaburi lake lilipitiwa na barabara, baba ndiye aliyeushika mkono wangu akaupitisha juu ya lami, "Huyu naye ni mdogo wako, usimwambie mtu, mama yako ataumia," na sikumwambia mtu, hasa huyu, mdomo wake hauna mlango… "Au mama anapenda rangi ya maziwa?" ananiuliza msanifu, lakini huyu mdogo wangu kwa nini hasogei, ameshawaruhusu mafundi wakazipaka rangi alama, ndiyo hivyo, anaziba kwa mgongo nisione mpaka nikubali, asije akanyang'anywa rafu zake… fundi rangi anapita na ndoo, "Mzee wa rafu, umeota mizizi? Tangu asubuhi nakuzunguka," naye, "Nizunguke tena, ndugu yangu, mguu umekufa ganzi," mguu gani huo, tangu asubuhi… nasogea upande, mabega yake yote mawili yana rangi, nguzo ni nyeupe huku na huku mpaka inapofikia shati lake, hapo brashi imekoma, na mkono wake uko nyuma, kidole gumba kinatembea juu ya kitu, si juu palipo pangu, si chini palipo pake, kinakwenda na kurudi taratibu, kama cha mtu anayembembeleza mtoto asiamke… nani alimwambia, mimi sikumwambia, mama asingeweza, basi ni baba, alimleta naye hapa, akaushika mkono wake, akamwambia usimwambie mtu, dada yako ataumia… na miaka yote hii tunakula meza moja, kila mmoja akimchunga mwenzake… "Kwa hiyo tukubaliane, mama," anasema msanifu, "nguzo zote?" na mdogo wangu ananitazama, hatanii, hasogei.