Siku ya Kumtoa Rosa

Kila asubuhi, maji ya chai yakiwa jikoni, husimama nimeegemeza mgongo kwenye ukuta wa uani na kupandisha mikono taratibu, viganja vikitazama mbele, mpaka pale maumivu yanaposema basi. Hapo natulia, navuta pumzi, nashusha. Asubuhi ile mikono ilikuwa imefika usawa wa masikio, juu kuliko siku nyingine zote, na nilikuwa nikistaajabu peke yangu simu ilipolia dirishani. Alikuwa kaka yangu, Matayo. Kaka hanipigii asubuhi.

"Ni Jumamosi hii," alisema kabla sijafungua kinywa. "Mama ameshashuka kutoka Kwashemshi, yuko hapa Misima. Mama mkwe naye yuko hapa."

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mara ya kwanza ulisema una malaria. Mara ya pili ukasema una mitihani. Loyce, wanafunzi wako ni wa chekechea."

Kisha akashusha sauti, "Zamani mke wangu alikuwa ananiuliza kila siku, wifi anakuja lini. Sasa haulizi tena. Hilo ndilo linalonitisha."

"Nitakuja," nikasema.

Nilipogeuka, maji yalikuwa yamechemka na kumwagikia mkaa, na moto umezimika.

Kwetu mtoto wa kwanza hatolewi nje na mama yake. Humtoa shangazi, dada wa baba. Arobaini ikipita, shangazi anamfunga mgongoni kwa kanga mpya, anatoka naye mlangoni mbele ya watu, anaizunguka nyumba, na anarudi kumkabidhi mama yake. Akiwa njiani hakuna anayemgusa mtoto ila yeye. Kabla ya siku hiyo mtoto anaweza kupelekwa kliniki mikononi, amefunikwa, lakini hapandi mgongoni mwa mtu. Na shangazi akichelewa, watu hawasemi amechelewa. Wanasema upande wa baba haujamkubali mtoto.

Kama mama wa mtoto angekuwa Mshambaa mwenzetu, maneno hayo yangepita kwa utani. Lakini wifi yangu Nemayian ni binti wa wafugaji, Mmasai wa Handeni, na alipoolewa wapo ndugu zetu waliosema kwamba Matayo amemaliza milima yote asione msichana. Mimi sikusema hivyo. Shida ni kwamba mimi huwa sisemi kitu, na mtu asiyesema watu humjazia maneno wenyewe.

Kilichonizuia kwenda ni mgongo.

Masika ilipoanza nilijiunga na wasichana wenzangu wa Manundu, mtaa ninaoishi hapa Korogwe, kufanya mazoezi kwa Sadala, fundi wa kuchomelea, ambaye nyuma ya karakana yake alikuwa ameweka vyuma vya kunyanyua. Kimoja kilikuwa bomba lenye kopo la rangi kila upande, makopo yamejazwa zege. Siku moja nililinyanyua bomba lile juu ya kichwa kwa sababu rafiki yangu Loveness alikuwa amelinyanyua. Katikati ya mabega, kando kidogo ya uti wa mgongo, kitu kikaachia kama uzi unapokatika ndani ya nguo. Nililiweka bomba chini polepole, nikawaambia asanteni, nikaenda nyumbani.

"Kuni za Kwashemshi zilikuwepo," mama alisema siku alipokuja kunikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. "Ungekuja kubeba kuni, angalau tungepika."

Baada ya siku chache alitangaza kwamba nimepona, na nikaona aibu kumpinga. Lakini sikupona. Maumivu yalikaa pale pale, kama mtu ameniwekea kidole gumba na kusahau kukiondoa. Nikajifunza kuishi nayo. Maji nikawa nachota ndoo ndogo na kubeba kwa mkono huu kisha ule, kichwani sithubutu. Mkoba wa begani nikauacha. Darasani nikawa naandika nusu ya chini ya ubao tu, na watoto wangu, ambao huona kila kitu, wakaniuliza kama huko juu ni kwa walimu warefu.

Mwishowe nilikwenda hospitali, wakanipiga picha ya mgongo. Dada wa mazoezi ya viungo, aliyeitwa Paulina, aliichukua ile picha akaibandika kwenye kioo cha dirisha ili jua lipite, na nikajiona. Sijawahi kupata maneno ya kueleza. Nilikuwa nimeishi miaka yote hii bila kujua kwamba ndani yangu kuna kitu kizuri namna ile: pingili zimepangana moja juu ya nyingine, hakuna iliyopita mpaka wa mwenzake, na mbavu zimetoka huku na huku kama matawi meupe. Nilitamani kuuomba radhi mgongo kwa ajili ya lile zege.

"Hakuna kilichovunjika," alisema Paulina. "Msuli uliumia, na kwa sehemu kubwa umeshapona. Lakini mwili bado unalinda. Ni kama mlinzi ambaye hajaambiwa kwamba mwizi ameshaondoka. Ukikaa bila kujongea, atazidi kulinda. Ujongee kidogo kidogo, mpaka aamini."

Nilitaka kumuuliza kama naweza kubeba mtoto mgongoni. Neno lilifika mdomoni. Lakini sina mume, na nje ya mlango foleni ilikuwa inasikiliza, nikaogopa atadhani nina mimba. Nikamwambia asante.

Basi kwa kutokuuliza huko nikaahirisha, na kila nilipoahirisha mtoto alizidi kuongezeka uzito.

Jumamosi basi lilinishusha Misima asubuhi, barabara ya Handeni. Mimi ni mtu wa milima, nimezoea mbingu ianzie juu ya mgomba au juu ya jabali. Pale inaanzia chini kabisa, nyuma ya mbuzi walio mbali, na inakufunika mzima. Nilitembea kuelekea kwa kaka nikijiona mdogo kama punje, na kwa namna fulani hilo likanituliza.

Watu walikuwa wameshakaa uani, majirani na ndugu wa pande zote mbili. Mama yake Nemayian, Mama Nkasiogi, alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, shanga zimemjaa shingoni. Niliinamisha kichwa mbele yake kama desturi yao ilivyo, naye akaniwekea kiganja utosini.

"Kutoka Korogwe mpaka hapa ni mbali kweli," alisema, si kwangu bali kwa watu. "Ng'ombe mwenye mimba angefika kabla ya huyu."

Watu walicheka. Mama yangu alicheka pia, ila kwa kuchelewa.

Ndani, Nemayian alinipokea mkoba kwa mikono miwili. "Karibu, dada," alisema. Zamani angeniita wifi, na angeanza kwa kunitania kwamba nimekuja kula nyama ya kaka yangu. Siku ile alinivutia kiti, akakipangusa, akanikaribisha kama anavyokaribishwa mgeni.

Kisha akamfunua mtoto.

Rosa alikuwa macho. Alinitazama bila haraka, kama mtu aliyeambiwa habari zangu na sasa anahakikisha. Kwenye utosi wake ngozi ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, pale ambapo mifupa haijakutana bado, na nikashika pumzi kwa kuona kwamba mtu anaweza kuja duniani akiwa wazi kiasi kile, akiwategemea wengine wawe waangalifu.

"Amekuwa mzito," Nemayian alisema. "Siku ile ya kwanza tuliyokungoja, alikuwa mwepesi."

"Wifi," nikaanza.

Alisubiri. Naamini alisubiri kweli. Lakini mama akaingia na kanga mikononi, mpya, bado ina harufu ya duka. "Twendeni, jua linapanda. Loyce, inama."

Niliinama mlangoni, watu wote wakitazama. Mama alimlaza Rosa mgongoni kwangu, akamfunika kanga, akapitisha pindo moja juu ya bega na jingine chini ya kwapa. Nilipovuta mikono kulifunga fundo kifuani, kile kidole gumba kikawa msumari. Nilibaki nimeinama. Sikuweza kunyooka wala kupumua.

Mama Nkasiogi alisema kitu kwa Kimasai, na mwanamke aliyekaa naye akashusha macho.

"Ni aibu zake tu," mama aliwaambia watu. "Huyu tangu mdogo, akiona watu anaganda."

"Loyce," kaka aliniita, na katika sauti yake kulikuwa na kuomba.

Nilikumbuka ukuta wangu wa Manundu. Nikavuta pumzi taratibu, nikainuka kidogo, nikatulia, nikainuka tena. Nikanyooka. Nikaanza kutembea, na Nemayian akafuata nyuma hatua chache, kama mama wa mtoto anavyotakiwa kufuata.

Nilifika nyuma ya nyumba, ambako watu hawakutuona, nikasimama. Sikusimama kwa maumivu peke yake. Rosa alikuwa amegeuza kichwa, na shavu lake lilikuwa limelala pale pale panapouma. Mgongo mzima ulikuwa wake, lakini alichagua pale. Joto lake lilipita kwenye kanga na kwenye blauzi likaingia. Nilivuta pumzi, naye akapanda. Akavuta yake, ndogo, ya haraka, nami nikaisikia kwenye mbavu. Ile picha ya dirishani ilinijia, ila sasa ilikuwa na mifupa mingine midogo juu yake, laini, uti juu ya uti. Maumivu hayakuondoka. Yalikuwepo, na yeye alikuwepo, mahali pamoja, na hakuna aliyemfukuza mwenzake. Sikujua kwamba inawezekana. Machozi yalinitoka.

Nemayian aliyaona.

"Kama humtaki, niambie mimi," alisema taratibu. "Usimbebe huku unalia. Mtoto anasikia."

Nilitikisa kichwa.

"Hebu niambie. Sitamwambia kaka yako."

"Panauma," nikasema. Ndilo neno pekee lililotoka.

"Nini kinauma?"

"Mgongo. Pale alipolala."

Kisha akasogea, akapitisha mkono katikati ya kanga na blauzi yangu, akitafuta kwa ncha za vidole. "Hapa?"

"Juu kidogo."

"Hapa." Alipafikia, na bila shaka alisikia jinsi msuli ulivyoruka. "Wifi. Tangu lini?"

"Masika."

"Masika," alirudia. Akahesabu mwenyewe moyoni, nikaona uso wake unabadilika. Kisha akasema, "Na mimi nimekuwa nikikuchukia tangu arobaini. Usiku namnyonyesha nakuchukia. Kazi yote hiyo ya bure." Akacheka kidogo huku akijifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Aliweka mikono yake miwili chini ya makalio ya Rosa, akambeba kutoka nyuma, na uzito ukanipungua mpaka nikaweza kujaza kifua. "Tembea," alisema. "Nitakwenda na hatua zako."

"Hairuhusiwi kumgusa."

"Mimi ni Mmasai. Nitasema sikujua."

Tulitembea hivyo, yeye nyuma yangu karibu sana, magoti yake yakigonga mapaja yangu, tukikosana hatua na kuzipata tena. Tulipotokeza upande wa pili, watu wote uani wakatugeukia.

Mama alisimama. "Nemayian, mwache. Shangazi hasaidiwi."

"Mama, alikuwa—" Nemayian alianza.

"Ameshindwa kumbeba peke yake?" aliuliza jirani mmoja. "Mtoto mdogo vile?"

"Kama hataki, si alazimishwe," mwingine akasema, na nikaona shingo ya kaka yangu inainama.

Mama Nkasiogi aliinuka kutoka kwenye kigoda. Hakuwa na haraka. Alikuja mpaka mbele yangu akanitazama usoni, kisha akatazama mikono ya binti yake chini ya mtoto. "Sasa nani anambeba?" aliuliza. "Mimi ni mzee, nieleze. Watu wa baba yake wanambeba, au anabebwa na mama yake tu, kama kila siku?"

Nemayian alivuta pumzi ili ajibu kwa niaba yangu. Ningeweza kumwachia. Angesema vizuri kuliko mimi. Lakini Rosa alikuwa bado amelala pale pale, anapumua, na nikahofia kwamba nikinyamaza tena atakua akiusikia ukimya wangu.

"Namkubali," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikaipandisha. "Mimi namkubali, mama. Mgongo wangu uliumia tangu masika kwa kunyanyua zege, na haujapona, hata sasa hivi unauma. Sikuwaambia kwa sababu niliona aibu. Niliogopa nitamwangusha mbele yenu. Kaka, sikuwa na malaria. Namtaka Rosa tangu nilipoambiwa wifi ana mimba, namtaka na mama yake, na kama haiwezekani kumbeba peke yangu, basi nitambeba hivi hivi, tukiwa wawili."