Mpira wa Kambini

Kabla jua halijakaza, Loutfia alikuwa ameshaanika shuka za mumewe, na sabuni nayo ilikuwa imepanda bei tena. Tangu magunia ya mchele yamwangukie mgongoni bandarini Mutsamudu, Attoumane hakuisikia miguu yake, na mkojo ulimvuja kutwa. Alikuwa ameacha kunywa maji ili wakati wa swala umkute msafi. Kilichomuuma zaidi ni ile nyumba. Ilikuwa ya mkewe, kama desturi ya kwao, na yeye ndiye aliyepokewa.

"Nirudishe kwa mama, nisikuharibie nyumba," alisema akitetemeka kwa homa.

"Nakupeleka hospitali, Baba Moina. Nyumba niachie mwenyewe."

Tabibu wa zamu aliuliza lile lile la siku zote. "Anakojoa?"

"Sana," akajibu Loutfia.

"Basi kibofu kizima."

Charifa, daktari mgeni kutoka mji mkuu, Moroni, hakuridhika. Mungu ampe maisha marefu mama yule.

"Kaka, unajua mkojo unapokubana?"

"Sijui, Daktari. Nashtukia nimelowa."

Alikuwa amelowa wakati ule ule. Charifa akamgusa chini ya kitovu, akakuta uvimbe mgumu. "Kimejaa. Mgongo umeumia, kibofu hakipati habari ya kujimwaga. Huo unaovuja ni ziada tu, mwingine unabaki ndani na kuharibu figo. Tumwekee mpira wa kutolea mkojo, tuone."

Rachadi, mtunza stoo, alikataa. "Mipira iliyobaki ni ya kambini, Daktari. Amri ya Moroni."

Kambini walikaa mamluki wa Kizungu waliomlinda rais, wazima wa afya, wanakimbia ufukweni kila asubuhi. Charifa akanyoosha mkono rafuni, akachukua mmoja.

Alipouingiza, beseni lilijaa mkojo likabadilishwa. Attoumane alifumba macho, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu ajali. Charifa akamwonyesha Loutfia namna ya kuosha mikono, kuchemsha mpira na kuuingiza taratibu. Loutfia alishika upesi, bila haya wala kinyaa.

Wanaendelea, Rachadi akarudi mlangoni. "Mkuu wa hospitali amekasirika. Anasema mpira urudishwe sasa hivi, ni mali ya Wazungu."

Loutfia hakuinua kichwa; mpira ulikuwa ungali ndani ya mumewe.

"Mwambie unarudi," alisema. "Ila Mzungu wake aje auchomoe mwenyewe."