Mgema wa Umm Salal

Viza ya mzee Vasudevan ilikuwa imebakiza siku mbili. Jumapili angepanda ndege kurudi Kollam, kusini mwa India. Kama kufikia hapo Anko Raghavan hangekuwa ameikubali posa, mzee angerudi na jibu la hapana, na rafiki yangu Shyamala angemkosa Anil. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ya Ijumaa moja ya Machi 2012, tulipotoka Abu Hamour, mtaa wa Doha, kwa magari mawili kwenda shamba moja la mitende huko Umm Salal, nje ya mji.

Shyamala na mimi tulikuwa tukifanya kazi katika zahanati moja ya Muaither, yeye muuguzi, mimi mtu wa maabara. Anko Raghavan ni baba yake. Anil ni mtoto wa mzee Vasudevan, mhandisi wa viyoyozi, na hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Anko Raghavan alikuwa amepiga simu Kollam mara sita kumchunguza, na kila aliyeulizwa alimsifu. Hana deni, hanywi, anampigia mama yake simu kila jioni. Kasoro ilikuwa moja tu. Babu yake Anil alikuwa mgema.

Hapo panahitaji maelezo. Jimbo la Kerala, wanakotoka wote wawili, liliundwa mwaka 1956 kwa kuunganisha sehemu ambazo awali zilikuwa na watawala tofauti. Malabar, upande wa kaskazini, ilitawaliwa na Waingereza moja kwa moja. Travancore, upande wa kusini, ilibaki na maharaja wake, naye akiwa chini ya Waingereza hao hao. Pande zote mbili kulikuwa na tabaka la Wahindu ambao kazi waliyojulikana nayo ni kupanda minazi na kugema tembo. Kaskazini waliitwa Watiyya, kusini Waezhava. Watu wa matabaka ya juu hawakutaka hata wawasogelee njiani. Kisha Waingereza wakafungua mahakama, ofisi na shule huko Malabar, na Watiyya wa mijini wakaingia. Haukupita muda mrefu wakawa makarani na mawakili, na wachache wao mahakimu. Travancore milango ya ofisi ilibaki imefungwa. Mwaka 1896 Waezhava zaidi ya elfu kumi na tatu walitia saini ombi kwa maharaja wapewe nafasi za kazi serikalini, wasipewe.

Anko Raghavan ni Mtiyya wa Tellicherry, mji wa Malabar. Mzee Vasudevan ni Mwezhava. Kwa Anko, baina ya watu hao wawili palikuwa na bahari.

Mimi sikuyajua haya kabla ya Januari. Shyamala aliponijia na macho mekundu, nilifanya ninachojua kufanya, nikasoma. Ripoti za sensa za Waingereza zinapatikana kwenye mtandao, na wao walikuwa na bidii ya ajabu ya kuhesabu watu na kuwapanga kama chupa za sampuli. Nilimwandikia Anko kurasa nne. Hoja yangu ilikuwa fupi: kazi ya jadi ilikuwa moja, na tofauti ya sasa ilitokana na nani alifunguliwa mlango wa ofisi. Alizisoma zote, akanirudishia zikiwa na masahihisho ya penseli pembeni. Alikuwa amesahihisha mwaka mmoja, na nilipoangalia tena nikakuta yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

"Mlango ulifunguliwa, ni kweli," aliniambia. "Lakini binti, sisi tuliingia. Na kuingia nako ni kazi."

Akanionyesha picha iliyotundikwa sebuleni. Baba yake, koti jeusi, karani wa mahakama ya Tellicherry enzi za Waingereza. Nilimuuliza na babu je. Akasema babu alikuwa na minazi, akaniongezea chai.

Mimi sikumficha lolote. Nilimwambia baba yangu ni mgema, Kaloleni, nyuma ya Kilifi, na kwamba ada yangu tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu ilishuka kutoka juu ya mnazi ndani ya kibuyu. Kwetu mgema mzuri husifiwa sokoni kama fundi mzuri wa milango. Anko alisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza kama chuo chetu hakikuwa na ufadhili.

Shamba tulilipata kwa Abdulrahman, dereva wa kutoka Tanga ambaye tajiri wake Mqatari alikuwa akimwachia alitunze siku za Ijumaa. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilidhani chini ya miti, mbali na ile picha ya sebuleni, wazee wangezungumza. Nilikosea. Walikaa kwenye mkeka mmoja wakiwa wameelekeza nyuso upande mmoja, kama abiria. Mzee Vasudevan, mtu mfupi mwenye masharubu meupe, mwalimu mstaafu wa hesabu, alisifu hali ya hewa. Anko akakubali kwamba hali ya hewa ilikuwa nzuri. Anil alijitolea kufungua masufuria ya chakula, yakiwa bado hayajahitajika. Shyamala alinitazama, nami nikatazama mchanga.

Aliyetuokoa ni Abdulrahman, tena bila kukusudia. Machi ni wakati wa kuchavusha mitende. Mtende dume hutoa karara, ule mkoba mgumu unaofunika maua; unalikata kabla halijafunguka, unalipasua kwa urefu, unatoa vishada vyeupe vyenye unga, kisha unapanda mtende jike na kuvipachika katikati ya maua yake. Bila hivyo hakuna tende. Abdulrahman alileta ndoo yenye makarara kumi hivi na visu viwili, akawaambia wageni kwa Kihindi cha barabarani, kile kinachozungumzwa na kila mtu Doha, kwamba anayetaka kusaidia asaidie.

Anko Raghavan akachukua kisu mara moja. Mtu aliyeshika kazi halazimiki kuzungumza. Alikunja mikono ya shati lake jeupe, mikunjo miwili iliyolingana, akachagua karara moja na kuliweka mapajani.

Mimi nilikuwa nikimenya chungwa. Kwa muda sikumwangalia. Abdulrahman ndiye aliyeanza.

"Dada Jerusha, mzee wa watu anafanya nini pale? Nimesema lipasuliwe. Yeye analifunga."

Nikatazama. Anko alikuwa amechana ukuti mwembamba, anauzungusha kwenye karara kutoka shinani kuelekea nchani, mzunguko juu ya mzunguko, akiukaza kwa kidole gumba. Alipofika mwisho alipiga fundo, akaligeuza karara, na kwa kisu akaikata ncha yake kipande chembamba kama shilingi. Akapangusa mkato kwa kidole. Akakata kingine, chembamba zaidi. Macho yake yalikuwa kwenye ukuta wa shamba. Mikono ilifanya kazi peke yake.

Nimeiona kazi hiyo kila siku ya utoto wangu. Hufungi karara la mtende namna hiyo kwa sababu yoyote duniani. Unafunga la mnazi, ili maua yasichanue ndani na utomvu utiririke kwenye kibuyu. Na mkono wa kukata vipande vyembamba vile haupatikani kwa kuwa na minazi. Unapatikana kwa kuigema.

Nilicheka, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Nikamwambia Abdulrahman kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Anagema. Mzee anagema mtende. Baba yangu hushika kisu vivyo hivyo."

Sikuwa na nia ya kumfichua mtu. Kwetu hizo ni sifa, na sifa husemwa. Wala Abdulrahman hakuwa na nia mbaya. Kwao Tanga nako minazi ipo na wagema wapo, ingawa yeye mwenyewe tembo hajalionja. Aliona ni neno zuri, na neno zuri halikai na mtu mmoja. Akawageukia wageni na kuwatangazia kwa Kihindi chake. Neno la mgema hakuwa nalo. Kwa hiyo alikumbatia hewa akapanda mnazi usioonekana, akakata, akashika kibuyu, akanywa, akayumbayumba hatua tatu, kisha akamwonyesha Anko Raghavan kwa heshima kubwa, mkono kifuani.

Shyamala alikuwa amesimama na sahani mkononi. Mama yake aliinamia sufuria kama mtu aliyedondosha kitu ndani. Anko alilitazama karara lililokuwa mapajani mwake, naona kwa mara ya kwanza tangu alishike, na uso wake ukawa wa mtu aliyekutwa na viatu hekaluni au bila viatu ofisini, sijui lipi baya zaidi kwake. Nikafikiri: basi, nimeharibu.

Mzee Vasudevan akanyoosha mkono. Alilichukua karara taratibu, akaligeuza, akalisogeza karibu na miwani yake. Alilikagua kama daftari la mwanafunzi.

"Kazi ya Malabar," akasema. "Kulegea namna hii. Kwetu ukifunga hivi, baba anakutuma ukachunge mbuzi."

Shyamala akawa ananifasiria sikioni kile Kimalayalam chao, lugha ya Kerala.

Anko Raghavan akamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kumtazama usoni.

"Kulegea?" akasema. "Babu yangu alikuwa na minazi thelathini na minane. Thelathini na minane, asubuhi na jioni, hadi akiwa na miaka sabini. Hakuna karara lake lililowahi kupasuka. Fundo hili alinifundisha yeye mwenyewe, nikiwa na miaka saba."

"Analifunga kulia kwenda kushoto," mzee Vasudevan akamwambia Anil, kama vile Anko hayupo. "Maskini."

"Kwa sababu kisu kiko mkono wa kulia. Wewe ulikuwa unafungia miguu?"

"Mimi nilifungia mikono, kama baba yangu. Ndiyo maana alilisha watoto watano."

Nilingoja Anko agundue alichokwisha kukisema. Hakugundua, au aligundua akaona kwamba heshima ya fundo ni jambo la dharura zaidi. Alidai karara jingine. Alifunga, mzee Vasudevan naye akafunga lake, wakalinganisha, na kila mmoja akaona la mwenzake ni aibu. Katika kubishana yakatoka mengine yote. Babu mgema ndiye aliyemsomesha yule karani wa koti jeusi, kwa wamisionari, kwa fedha ya tembo. Karani alipopata kazi mahakamani alimwomba baba yake asipande tena miti iliyo karibu na barabara. Babu akahamia ya nyuma ya nyumba, na mjukuu akawa anamfuata huko kwa siri. Anko alilisimulia hilo la mwisho akiwa amelishika fundo, hakumtazama mtu.

"Mnazi wa nyuma ndio mtamu," mzee Vasudevan akasema, na safari hii hakukuwa na mzaha ndani yake.

Abdulrahman, ambaye hakuelewa hata neno moja la Kimalayalam, aliniuliza kama wanagombana. Nikamwambia sana. Akasema basi yeye mitende yake itachavushwa saa ngapi.

Swali hilo lilipofasiriwa, Anko alivua viatu. Mkewe akamwambia ana miaka hamsini na saba. Akajibu anaujua umri wake. Akavaa mshipi wa kamba wa kupandia, akauzungusha kwenye mtende jike uliokuwa karibu, na kupanda. Mti ulikuwa na urefu wa mita nne, nilipima kwa macho, na alifika juu kwa pumzi chache, soksi zake nyeusi zikikanyaga vikonyo vya makuti ya zamani. Alipachika vishada katikati ya maua, akavifunga, na unga mweupe ukamshukia kichwani na kwenye lile shati. Shyamala alikuwa akicheka huku analia, mambo mawili ambayo sikuwa nimemwona akiyafanya pamoja.

"Wewe kijana," Anko akaita kutoka juu. Anil akasogea chini ya mti. "Unajua kupanda?"

Anil alimtazama baba yake, kisha mtende, kisha mimi, kana kwamba ningeweza kumpa jibu la maabara.

"Hapana, anko," akasema. "Nikipanda kiti kubadilisha taa kichwa kinanizunguka. Viyoyozi vya juu namtuma mtu."

Mzee Vasudevan alifunika uso kwa mikono. Huko juu makuti yakaanza kutikisika, na tukajua kwamba Anko Raghavan anacheka.

"Mwezhava asiyeweza kupanda mti," akasema alipoweza kusema. "Nimepiga simu sita na hakuna aliyeniambia hilo. Basi binti yangu ataolewa na mtu atakayebaki chini siku zote. Babu angenicheka hadi asubuhi."

"Baba," Shyamala akasema, polepole, kama mtu anayesoma kipimo mara ya pili. "Umesema nitaolewa?"

"Nimesema. Mkubaliane mwezi na mama yako. Sasa nileteeni ngazi, maana kushuka babu hakunifundisha vizuri."

Ngazi ilikuwa shamba la jirani. Abdulrahman alikimbia kuifuata, Anil akimkimbilia nyuma, na mzee Vasudevan akabaki chini ya mtende akiendelea kumweleza mkwe mwenzake makosa ya lile fundo. Ilituchukua dakika kumi na moja kumshusha.